Pampu ya Beldina na Nyasi za Gordon

Kila asubuhi Beldina alishuka ziwani na debe tupu, akapanda na debe limejaa. Nyumba yake ilikuwa juu ya mteremko, huko Seme. Bustani yake ilikuwa katikati ya mteremko. Chini ya bustani kulikuwa na mwamba mpana, na chini ya mwamba kulikuwa na maji ya Ziwa Viktoria.

Maji hayo yalimuudhi. Yalikuwa mengi, na yalikuwa karibu, na sukuma wiki zake zilikuwa zinakufa kwa kiu. Alipanda na debe kichwani mara ishirini kwa siku. Shingo ilimuuma. Jua lilipopanda, matone aliyomwagia mimea yalikauka kabla hajafika tena ziwani. Huo ulikuwa mwezi wa Januari, mwaka wa 1996. Mvua ya masika ilikuwa mbali bado.

Mumewe, Gordon Oduor, hakuwa mbali. Hilo ndilo lililomuumiza Beldina zaidi. Wanawake wengine walikuwa na waume Nairobi au Mombasa, nao wakajizoeza kungoja. Gordon alikuwa Kisumu, mtaa wa Milimani, mwendo wa saa moja na nusu tu kwa basi. Jioni, ukisimama juu ya mwamba, uliziona taa za mji zikianza kuwaka ng'ambo ya maji. Lakini Gordon alikuja nyumbani Jumapili moja tu kwa mwezi. Kilichomzuia ni nyasi.

Gordon alikuwa mtunza bustani katika nyumba ya ofisa mmoja. Mbele ya nyumba hiyo kulikuwa na nyasi nzuri, laini, za kijani mwaka mzima. Zilinyweshwa asubuhi, zikanyweshwa jioni, hata Krismasi. Gordon alikuwa amezinywesha miaka kumi na miwili.

"Wewe uko na mke mwenza mgumu sana," jirani yake Dorca alimtania. Dorca aliuza mboga katika soko la Kibuye, na mdomo wake haukukosa la kusema. "Haugui, hazeeki, na kila jioni lazima bwana awe karibu naye."

"Na mimi hata nywele zake siwezi kuvuta," Beldina alijibu, wakacheka wote wawili.

Akiwa peke yake hakucheka. Alimtamani mumewe. Alitamani kusikia kikohozi chake asubuhi uani. Alitamani kumpikia samaki siku ya Jumanne, bila sababu. Alitamani hata kugombana naye taratibu, bila mtu kutazama saa ya basi.

Walikuwa wamekubaliana jambo moja. Gordon alilisema miaka mitatu iliyopita, wakiwa wamekaa mlangoni.

"Nyar Asembo," alisema, kwa maana Beldina alizaliwa Asembo na ndivyo alivyomwita. "Mboga za kiangazi zina soko. Bustani yetu ikivuka kiangazi kimoja bila kukauka, mimi naacha kazi. Narudi. Lakini ikikauka, sisi wote tutakula nini?"

Miaka mitatu mfululizo bustani ilikauka mwezi wa Februari.

Kulikuwa na kitu kingine kilichokauka. Hapo mbele ya mlango, Gordon alikuwa amepanda nyasi zake mwenyewe, mahali padogo pa kutosha mikeka miwili. Alizitoa Milimani, vipande vichache, akavifunga katika gazeti lililoloweshwa maji na kuvitia mfukoni mwa koti. Mvua iliponyesha zilikuwa kijani. Kila Januari ziligeuka rangi ya vumbi.

"Siku moja nitamwagilia hizi," Gordon alizoea kusema. "Nikimaliza, nitakaa juu yake. Zile za Milimani sijawahi kukalia."

Jumapili ya mwisho ya Januari, Gordon alikuja na mkokoteni. Juu ya mkokoteni kulikuwa na pampu kubwa ya petroli. Aliinunua kwa mtu wa Awasi, ambaye alikuwa akiitumia kwenye mashamba ya mpunga. Mdomo wa pampu hiyo ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza ngumi ya mtu mzima.

"Ile ya Milimani ni ndogo, na inanyeshea nyasi zote," Gordon alisema. Macho yake yaling'aa. "Lakini ile inavuta kwa tangi. Hii inavuta ziwa. Ziwa ni kubwa, na pampu lazima iwe kubwa."

Joram, kaka mkubwa wa Gordon aliyeishi boma la jirani, aliizunguka pampu mara mbili mikono ikiwa nyuma.

"Iwekwe wapi?" Beldina aliuliza. "Kule chini kwa mwamba?"

"Hapana," Joram alisema. "Mali ya ndugu yangu ilale nje ya lango kama mbuzi aliyepotea? Iwekwe hapa mlangoni, tuione."

"Hata Milimani iko kando ya nyumba," Gordon alikubali.

Basi wakaiweka mlangoni, kando ya zile nyasi kavu. Gordon alikuwa amekusanya vipande vya mpira wa kumwagilia bustani, ule laini wa kijani unaotupwa na watu wa Milimani. Aliviunga kimoja kimoja kwa kamba za tairi, mpaka mpira ukafika ziwani. Akavuta kamba ya pampu. Ikanguruma. Kuku wakakimbia.

Hakuna maji yaliyotoka. Gordon akaongeza mwendo. Mpira ukabonyea ukawa bapa kuanzia mlangoni hadi bustanini. Pampu ikapiga kelele zaidi. Mara wakasikia harufu ya kitu kinachoungua, na moshi mwembamba ukatoka ubavuni mwa pampu. Gordon akaizima.

Alikaa pale akiitazama muda mrefu. Beldina aliweka samaki mezani. Gordon hakumgusa samaki huyo.

"Miaka kumi na miwili nafanya kazi na maji," alisema. "Na siwezi kuleta hata kikombe kimoja kwa mlango wangu."

Akatazama saa. Nyasi za Milimani zilikuwa zinangoja. Akatoka langoni bila kugeuka nyuma, na Beldina akajua kwamba mwezi ujao hatamwona.

Wiki mbili zilipita. Dorca alileta habari kutoka mjini.

"Nimepita Milimani, nikamwona bwana yako. Amekonda. Nikamuuliza, Jumapili ya mwisho unaenda? Akasema labda Pasaka."

Beldina aliweka debe chini. Sukuma wiki za safu ya juu zilikuwa zimelala. Alihisi moyo wake umelala pia.

"Sikia," Dorca alisema, sasa bila utani. "Pale Kibuye kuna mama anaitwa Wamaitha. Anauza pampu, anatengeneza pampu. Watu wanamwogopa kwa sababu anauliza maswali mingi. Beba hiyo kitu umpelekee."

Siku ya pili yake Joram alimsaidia kuisukuma pampu hadi barabarani, akinung'unika njia nzima. Beldina akapanda nayo basi la asubuhi.

Wamaitha alikuwa mwanamke mnene mwenye kitambaa cha njano kichwani na oili kwenye vidole. Alikuja Kisumu kutoka Murang'a akiwa bado kijana, na duka lake lilijaa pampu za kila aina. Alisikiliza mpaka Beldina akamaliza.

"Mama, nitengenezee hii," Beldina alisema. "Au nibadilishie, unipe kubwa zaidi."

"Kubwa zaidi ya hii? Unataka kukausha ziwa, samaki watembee?" Wamaitha aliuliza. Akavuta kigoda. "Kaa. Leo sikuuzii kitu. Kwanza niambie. Kwenu stima iko?"

"Inapita barabarani tu. Kwetu haijafika."

"Basi pampu ya stima tuiache. Shamba ni kubwa namna gani?"

"Robo ekari. Na nyasi kidogo mlangoni."

"Na kutoka kwa maji mpaka kwa mlango, juu ni kiasi gani?"

"Ni hatua kama mia mbili."

"Hizo ni hatua za miguu. Mimi nauliza juu. Mtu anaweza kutembea hatua elfu moja pale uwanjani, na asipande hata kidogo."

Beldina hakujua. Wamaitha akaagiza soda na mrija, akampa.

"Kunywa. Sasa niambie, ni nini inapandisha hiyo soda?"

"Mdomo wangu."

"Mdomo wako inaondoa tu hewa ndani ya mrija. Hewa ya huku nje inalalia soda, na hiyo ndiyo inaisukuma ipande. Lakini nguvu ya hiyo hewa iko na mwisho. Ukikaa juu ya ghorofa ya nne, na mrija mrefu mpaka chini, utavuta mpaka macho yatoke. Soda haitakufikia. Hata pampu iwe kubwa kama lori, haitakufikia."

"Kwa hivyo ile pampu yetu..."

"Ilikaa juu sana. Pampu ivute maji kwa mita sita, isizidi. Ikiwa mbili au tatu, ni vizuri zaidi. Lakini kusukuma ni kitu ingine. Pampu ikishashika maji, inaweza kuyasukuma juu mbali sana."

Beldina aliufikiria mteremko wake, na mwamba, na mlango.

"Basi pampu inafaa kukaa chini, karibu na maji. Ikae pale isukume."

"Umesema mwenyewe," Wamaitha alijibu. Akafuta bamba dogo la chuma lililobandikwa kwenye pampu ya Awasi. "Na hii pia haikufai. Ona hapa, mita kumi. Ni ya mpunga. Inamwaga maji mingi sana mahali shamba na mfereji viko sawa, lakini haipandishi mlima. Na inakunywa petroli kama maji. Na huo mpira laini usivutie tena. Mpira laini ni wa kutoa maji. Wa kuvuta lazima uwe mgumu, usibonyee."

Beldina alielewa. Gordon hakuwa ameshindwa. Alikuwa amechagua vibaya tu, na kuweka mahali pabaya, na hakuna aliyemwambia. Alitamani atoke mbio hadi Milimani akamwambie. Lakini alimjua mumewe. Mtu huyo alikuwa ameaibika mbele ya kaka yake, na maneno matupu yasingemrudisha. Alihitaji kitu cha kushika mkononi.

"Nifundishe kupima," alisema.

Wamaitha alichukua ile chupa ya soda, akaijaza maji nusu. Akampima Beldina kwa utepe, kutoka miguuni hadi machoni. Ilikuwa mita moja na nusu.

"Simama kwa ukingo wa maji. Laza chupa mbele ya macho yako. Maji ndani ya chupa yakitulia, yanakuonyesha mstari wa sawasawa. Fuata huo mstari kwa macho, uone unagonga mteremko wapi. Weka jiwe hapo. Halafu uende usimame kwa hilo jiwe, ufanye tena. Kila jiwe ni mita moja na nusu. Uniletee hesabu ya mawe."

Siku iliyofuata Beldina alisimama ukingoni mwa ziwa na chupa ya soda mbele ya jicho. Joram alimwona kutoka juu.

"Nyar Asembo! Ndiyo nini hiyo? Umeanza kuagua?"

"Napima, shemeji. Niletee mawe."

Jiwe la kwanza likaangukia juu ya mwamba mpana. La sita likawa mwisho wa juu wa bustani. La tisa likafika mlangoni, pembeni kabisa mwa nyasi za Gordon. Beldina alipiga hesabu kwa vidole. Hadi mwisho wa bustani ilikuwa mita tisa. Hadi mlangoni ilikuwa mita kumi na tatu na nusu.

"Pampu itakaa hapa kwa mwamba," alimwambia Joram. "Mita moja na nusu tu juu ya maji."

Joram akakunja uso. "Nilisema nini? Mali ya Gordon haitalala nje ya lango."

"Shemeji, nikuulize. Baba mkwe alikuwa akinywa pombe kwa oseke?"

Joram alishangaa, kisha akatabasamu bila kutaka. Oseke ni ule mrija mrefu ambao wazee wa zamani walinywea pombe kutoka kwenye chungu. "Alikuwa nayo ndefu kuliko zote hapa Seme. Watu watano wanazunguka chungu, na yeye anakaa mbali kwa kiti chake, anavuta tu."

"Chungu kilikuwa wapi?"

"Mbele yao, chini."

"Mbona hakukiacha chini kule ziwani, yeye avute akiwa hapa juu kwa mlango?"

Joram akatazama ziwa, akatazama mlango. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika magoti.

"Wuololo! Hata baba na mapafu yake hangeweza! Kwa hivyo sisi tulitaka pampu inywe kwa oseke ya mita kumi na nne?"

"Ndivyo tulivyofanya. Ikaungua koo."

"Basi ikae kwa mwamba," Joram alisema, akipangusa macho. "Lakini mimi mwenyewe nitaibeba asubuhi, na jioni nitairudisha ndani ya lango."

"Kwa hivyo tuchague ya kubebeka," Beldina alisema.

Alirudi Kibuye na hesabu yake: jiwe moja, mawe sita, mawe tisa. Wamaitha alimwonyesha pampu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu.

"Hii haitumii petroli," alisema. "Kwa mtu ambaye shamba lake ni dogo na liko karibu na maji, ni nzuri sana, na ukiharibikiwa unatengeneza mwenyewe. Lakini hii yangu inavuta vizuri, haisukumi mbali. Mteremko wako utaishinda."

Ya pili ilikuwa pampu ndogo ya petroli. Mdomo wake haukupita upana wa vidole viwili. Kwenye bamba lake kuliandikwa mita thelathini.

"Thelathini?" Beldina aliuliza. "Mimi nahitaji kumi na nne tu."

"Na hapo ndipo watu wengi wanakosea. Hiyo namba ya bamba ni pale maji yanakwama kabisa, hata tone halitoki. Paipu ndefu nayo inakula nguvu. Na kwa mwisho unataka maji yenye nguvu ya kurushia. Chukua iliyo mara mbili ya hiyo kumi na nne yako." Wamaitha akasita. "Lakini ukiniambia bustani tu, nitafute ingine rahisi. Kwa nini unataka maji kwa mlango? Kuna nini huko?"

"Nyasi."

"Nyasi? Watu wa mashambani wanapanda mboga, wewe unanyeshea nyasi?"

"Ni za mzee wangu," Beldina alisema. "Alizipanda, halafu hakai nazo."

Wamaitha aliifuta ile pampu ndogo kwa kitambaa, ingawa ilikuwa safi.

"Wangu alibaki Murang'a," alisema baadaye. "Chukua hii. Ile kubwa niachie, nitaitengeneza. Kuna watu wa Ahero watafurahi nayo, na tutabadilishana."

Kisha akamfundisha yaliyobaki, na hakumruhusu kuondoka mpaka ameyarudia yote kwa mdomo wake. Paipu ya kuvutia iwe ngumu na fupi. Kila kiungo kikazwe sana, kwa sababu pampu ikivuta hewa haivuti maji. Mwisho wa paipu, ndani ya ziwa, kuwe na kile kimlango kidogo kinachofunguka maji yakiingia na kufunga yakitaka kurudi. Na kabla ya kuwasha, pampu ijazwe maji kwanza, kila siku.

"Usiiwashe ikiwa kavu hata dakika moja," Wamaitha alisema. "Hiyo ndiyo iliua ile ingine. Na gugumaji? Limefika kwenu?"

"Limefika. Upepo ukigeuka linajaa ufuo wote."

"Basi mwisho wa paipu uuweke ndani ya kikapu kikuukuu. Majani yabaki nje."

Asubuhi iliyofuata Joram alibeba pampu begani hadi mwambani. Beldina aliingiza kikapu majini, akasukuma gugumaji kando kwa fimbo. Akaijaza pampu maji mpaka ikafurika. Akaiwasha. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya kutulia. Paipu ikatikisika. Kisha juu bustanini, Dorca aliyeshika mpira akapiga kelele mpaka ndege wakaruka.

"Imekuja! Beldina, imekuja! Imenilowesha mpaka kanisani siendi!"

Beldina alipanda mteremko mikono mitupu. Tangu aolewe hakuwa amepanda hapo asubuhi bila debe kichwani. Aliona maji yakiingia kwenye mizizi ya sukuma wiki, nyanya na osuga, ile mboga ya mnavu. Alifurahi sana. Halafu akageuka ili amwambie Gordon, na Gordon hakuwepo.

Kuanzia siku hiyo alinyesha asubuhi na mapema, au jioni, wakati jua halinyang'anyi maji. Alimwaga kwenye mizizi, wala si kwenye majani. Alifunika udongo kwa nyasi kavu ili unyevu ubaki. Kabla ya kunyesha alichomeka kidole ardhini. Kidole kikitoka na udongo mbichi, aliacha mpaka kesho, na petroli haikupotea. Mwisho wa kazi, Joram alikokota mpira hadi mlangoni, na Beldina alizinywesha nyasi za Gordon mara mbili kwa wiki, maji mengi ya kufika chini.

Jumapili ya mwisho ya Februari Beldina alipika samaki. Alisuka nywele. Alikaa mlangoni hadi saa kumi. Gordon hakuja. Beldina alikula kipande kidogo, kingine akampelekea Joram, akalala na hasira na upweke kwa pamoja.

Jumatatu alimpa Dorca fungu la sukuma wiki.

"Mpelekee Milimani. Usimwambie kitu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Akiuliza, mwambie zimetoka kwake."

Kwa Dorca kunyamaza ilikuwa adhabu, lakini alijitahidi. Wiki iliyofuata alipeleka nyanya. Baada ya hapo osuga.

"Aliuliza, Beldina anabeba maji na debe mpaka lini?" Dorca alisimulia. "Nikauma ulimi. Angalia, bado una alama!"

Wiki ya tatu ya Machi, jua likiwa kali kuliko siku zote na mashamba ya Seme yote yakiwa mekundu kwa vumbi, Beldina aliinama mbele ya mlango wake. Akang'oa kipande kimoja cha nyasi. Kilikuwa kijani, na mizizi yake ilikuwa mibichi. Akakifunga katika gazeti lililoloweshwa maji.

"Leo peleka hii," alimwambia Dorca.

Siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, Beldina alikuwa mwambani akijaza pampu maji. Alisikia kikohozi nyuma yake. Alikijua. Hakugeuka mara moja, aliogopa kikohozi kisiwe chake.

"Nyar Asembo."

Gordon alisimama kwenye njia, amebeba sanduku kichwani. Mkononi alishika lile gazeti. Alikuwa ametoka juu, amepita bustanini, na viatu vyake vilikuwa na matope. Matope mwezi wa Machi.

"Leo ni Jumatano," Beldina alisema.

"Najua ni Jumatano."

"Umepewa ruhusa?"

"Sikuomba ruhusa. Nimeaga." Akainua lile gazeti. "Hizi nyasi zimetoka kwa mlango wangu?"

"Zimetoka wapi ingine?"

Gordon aliweka sanduku chini. Akaitazama pampu ndogo, na paipu ngumu, na kikapu kinachoelea. Akatazama juu hadi mlangoni, akapima kwa macho. Alielewa polepole.

"Iko chini," alisema.

"Iko chini, inasukuma. Nitakufundisha."

"Wewe unifundishe maji? Mimi?" Akacheka, kisha akapangusa macho kwa mkono wa shati. Beldina alimshika mkono ule ule uliolowa.

Akamwonyesha mahali pa kujazia maji. Gordon akavuta kamba. Wakapanda pamoja, akashika mpira mwenyewe, akanyesha bustani safu kwa safu, kwa mkono uliozoea. Walipofika mlangoni alizinywesha nyasi zake mpaka zikang'aa. Halafu akavua viatu, akakaa katikati yake, maji yakamlowesha suruali.

Joram alikuja na kigoda. Dorca alikuja bila kuitwa.

"Na wale wa Milimani?" Dorca aliuliza. "Nani atanyeshea nyasi zao leo jioni?"

"Mwenyewe ana mikono miwili," Gordon alisema. Akamgeukia Beldina, akapapasa nyasi kando yake. "Njoo ukae. Basi la jioni siliendei tena."

Beldina akavua ndara zake, akakaa.